Doa la jua, baka au alama ya chunusi: krimu, dawa ya daktari, asidi au leza?

Watu wawili wanaweza kuwa na doa la kahawia mahali palepale shavuni, wakapigwa mwanga wa mashine ileile, mmoja akapona na mwenzake akaishia na doa jeusi kuliko lile alilokwenda nalo. Mimi nilikuwa huyo wa pili. Mabaka yalinianza nikiwa na ujauzito wa mwanangu wa kwanza, na miaka miwili baadaye, kwenye kliniki moja, niliambiwa ni madoa ya jua tu. Wiki ya tatu baada ya kupigwa mwanga uso ulitakata, nikafurahi kupita kiasi. Wiki ya nane yalirudi, mapana zaidi, yakiwa na rangi ya kijivu ambayo hayakuwa nayo mwanzo.

Mashine ile ni nzuri. Madoa ya jua inayaweza kweli, hasa kwa watu weupe. Ila mimi sikuwa na doa la jua, na hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo ukinijia kuuliza kipi bora kati ya krimu, asidi na leza, sitakujibu kabla sijajua una nini usoni.

Tambua doa lako

Osha uso, usipake kitu, kisha simama karibu na dirisha asubuhi ukiwa na kioo cha mkononi. Doa la jua lina ukingo; ungeweza kulizungushia kalamu. Huwa la duara au umbo la yai, hukaa pale jua linapopiga sana, na mara nyingi lina wenzake kwenye migongo ya mikono. Huja polepole, hasa umri ukishavuka miaka 40.

Baka la homoni, ambalo madaktari huliita melasma, halina ukingo wa kuushika. Linatandaa kama ramani, na ukitazama vizuri utaona shavu la kulia limefanana na la kushoto. Wakati mwingine lipo pia juu ya mdomo na kwenye paji la uso. Huwapata zaidi wanawake, mara nyingi wakati wa ujauzito au wanapotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Joto nalo hulichochea, hata la jikoni.

Alama ya chunusi haina fumbo: imekaa palepale palipokuwa na chunusi, upele, mkwaruzo au mahali ulipoungua. Iangalie rangi. Ikiwa ya kahawia, iko juujuu na ina matumaini ya kuondoka ndani ya miezi. Ikielekea kijivu au buluu, rangi imezama ndani na safari ni ndefu, pengine miaka. Kipimo hicho cha rangi kinafaa hata kwa mabaka.

Mtu anaweza kuwa na aina mbili kwa pamoja. Wengi tunazo.

Maswali matano ya kupimia kila njia

Kila njia nimeiuliza maswali haya: doa lipi inaliweza? Inachukua muda gani? Inaweza kuiharibu ngozi vipi? Mjamzito anaruhusiwa? Ukiacha, inakuwaje?

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote kwa mwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde. Ngozi yenye melanini nyingi, yaani rangi ya asili ya ngozi, hujibu karibu kila jeraha kwa kutoa rangi. Ukiichoma, ukiichubua au ukiiwasha kupita kiasi, inaweka alama mpya. Dawa yenyewe inaweza kukuletea kile ulichokuja kukitibu.

Kuhusu muda, jambo moja litakuepusha na ahadi nyingi za uongo. Rangi hutengenezwa na seli zilizo sehemu ya chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, kisha hupokezwa seli za jirani ambazo hupanda taratibu hadi juu na kubanduka. Kwa kijana safari hiyo huchukua kama wiki nne, na umri ukisonga hurefuka. Krimu inayodai kufuta doa kwa siku saba haiwezi kuwa inasema kweli, labda iwe inachubua ngozi.

Kinga ya jua haimo kwenye ulinganisho

Sikuiweka miongoni mwa chaguo kwa sababu njia zote zilizo hapa chini zinaitegemea. Ukipaka dawa usiku na kutoka juani mchana uso ukiwa mtupu, unachota maji kwa pakacha.

Chagua krimu ya SPF 30 au zaidi (SPF ni namba ya nguvu ya kinga), inayokinga UVA na UVB, aina mbili za miale ya jua isiyoonekana. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB na SPF 50 takriban 98, kwa hiyo tofauti kubwa iko kwenye kiasi unachopaka kuliko namba iliyoandikwa. Namba hiyo hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi, na wengi wetu tunapaka chini ya nusu ya hapo. Kipimo rahisi ni mistari miwili ya krimu, kwa urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa juani. UVA hupenya kioo cha dirisha, kwa hiyo anayeendesha gari kutwa hajajificha.

Mwenye mabaka ana jambo la ziada. Mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho nao huchochea rangi kwenye ngozi nyeusi, na krimu nyingi zisizo na rangi haziuzuii. Zinazosaidia ni zile zenye rangi ya ngozi, ambazo zimetiwa oksaidi za chuma. Mimi nilipobadilisha tu kutoka krimu nyeupe hadi yenye rangi niliona tofauti ambayo seramu mbili zilishindwa kuniletea.

Krimu za taratibu

Humu naweka vitamini C, niasinamidi, asidi ya azelaiki na retinoidi kama adapaleni na tretinoini. Kila moja inashika sehemu yake ya kazi. Vitamini C na azelaiki hupunguza utengenezaji wa rangi, niasinamidi huzuia rangi isipokezwe seli za jirani, na retinoidi huharakisha ngozi kujibadilisha.

*Doa inaloliweza.* Alama za chunusi ndizo zinazoitikia vizuri zaidi, hasa kwa azelaiki na retinoidi, maana hutibu na chunusi yenyewe. Mabaka nayo hufifia. Kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 1991, wanawake 329 wenye melasma walipakwa ama azelaiki ya asilimia 20 ama haidrokwinoni (dawa ya daktari ninayoieleza hapa chini) ya asilimia 4 kwa wiki 24, na matokeo ya makundi hayo mawili hayakupishana sana. Doa la jua lililokomaa huwa jepesi kidogo tu. Mara chache litatoweka kwa krimu hizi.

*Muda.* Hesabu wiki 8 hadi 12 kabla hujasema imeshindwa, na miezi sita kabla hujaridhika.

*Madhara.* Ukavu, kuwasha na kubanduka. Azelaiki, kwa mfano, wiki mbili za mwanzo ilinitambaa usoni kama sisimizi kwa dakika kumi kila nikipaka, kisha siku moja nikagundua sisimizi hawapo. Retinoidi zinataka heshima zaidi: anza na kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku mbili kwa wiki, uongeze polepole. Anayekimbilia kupaka kila siku ndiye anayeungua na kupata alama mpya. Vitamini C ni dhaifu mbele ya hewa na mwanga. Seramu iliyogeuka kahawia imeshaharibika.

*Ujauzito.* Azelaiki, niasinamidi na vitamini C hutumika. Retinoidi haziruhusiwi.

*Ukiacha.* Alama za chunusi hazirudi bila chunusi mpya. Mabaka hurudi taratibu usipoendelea na kinga ya jua.

Njia hii inamfaa mwenye subira, mwenye ngozi nyeusi, mjamzito (kwa zile tatu), na yeyote asiye na daktari wa ngozi karibu.

Haidrokwinoni na mchanganyiko wa daktari

Haidrokwinoni huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, na bado ndiyo dawa ya kupaka ambayo madaktari hupimia nyingine. Mwaka 1975 Albert Kligman na Isaac Willis walichapisha mchanganyiko wa haidrokwinoni, tretinoini na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu) katika krimu moja, na watoto wa mchanganyiko huo wanaandikwa na madaktari hadi leo. Mwaka huohuo, madaktari nchini Afrika Kusini waliripoti wanawake waliokuwa wametumia haidrokwinoni kali kwa muda mrefu, wakaota weusi wa buluu kwenye mashavu ambao dawa haiuondoi. Unaitwa okronosisi. Dawa moja, mwaka mmoja, sifa zote mbili.

*Doa inaloliweza.* Mabaka kwanza, kisha alama za chunusi zilizokaidi. Madoa ya jua kwa kiasi.

*Muda.* Ndiyo krimu ya haraka kuliko zote. Mabadiliko huanza kuonekana wiki ya nne hadi ya nane.

*Madhara.* Ngozi kuwasha na kuwa nyekundu, duara jeupe kuzunguka doa ukipaka ovyo, na okronosisi ikitumika miezi na miaka bila usimamizi. Steroidi iliyomo kwenye mchanganyiko hufanya ngozi kuwa nyembamba ikizidishwa. Ndiyo maana daktari huandika kwa wiki 8 hadi 12 kisha hupumzisha. Hatari hizi zimefanya sheria ziwe kali: Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye krimu za kung'arisha ngozi mwaka 2001, na Marekani ikasimamisha kuuzwa kwake bila cheti cha daktari mwaka 2020.

*Ujauzito.* Hapana.

*Ukiacha.* Mabaka hupenda kurudi, kwa hiyo daktari mzuri hukuhamishia kwenye azelaiki au niasinamidi unapopumzika. Usipopewa mpango wa kuacha, uombe kabla ya kuanza.

Inamfaa mwenye mabaka yaliyoshinda krimu za taratibu, na anayeweza kurudi kwa daktari kila mwezi au miwili. Kama huwezi kurudi, kaa na azelaiki.

Vidonge vya asidi ya traneksamiki

Hii ni dawa ya kuzuia damu kutoka, iliyogunduliwa Japani miaka ya 1960. Kwa mabaka hutolewa kwa dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 250 mara mbili kwa siku kwa miezi miwili mitatu. Inawasaidia wengi wenye melasma sugu na haichubui ngozi, jambo ambalo ni faraja kwetu wenye ngozi nyeusi. Kwa doa la jua haina kazi. Hatari yake haiko usoni: inaweza kuchangia damu kuganda mahali pabaya. Mwenye historia ya damu kuganda, yeye au ndugu zake wa damu, asiiguse kabla ya kuzungumza na daktari, na anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni au anayevuta sigara aseme wazi. Mjamzito asitumie kwa ajili ya mabaka. Ukiacha, mabaka hurudi kwa wengi baada ya miezi kadhaa.

Kuchubua kwa asidi

Hapa mtaalamu hupaka asidi ya glaikoliki, salisiliki au nyingine kali zaidi, tabaka la juu linabanduka na rangi yake.

Nilikwenda mara nne kwa daktari wa ngozi, miaka mitatu baada ya yale ya kliniki. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili moto unaanza pembeni mwa pua. Feni ndogo ilikuwa imeelekezwa usoni, na msaidizi wake alikuwa akihesabu kwa sauti huku daktari akitazama ngozi bila kupepesa, akisubiri wekundu ufike anapotaka. Akasema "basi", akaizima asidi kwa maji. Kilichonipa imani ni ile hali ya kutotoa macho usoni pangu. Anayekupaka asidi akatoka chumbani kupokea simu, inuka ukanawe.

*Doa inaloliweza.* Alama za chunusi za juujuu na mabaka ya kahawia, kama nyongeza juu ya krimu. Madoa ya jua huhitaji asidi kali zaidi, na hapo hatari hupanda.

*Muda.* Mara nne hadi sita, ukipisha wiki mbili hadi nne. Baada ya kila mara, siku tatu hadi saba za kubanduka ambazo hutakiwi kuvuta ngozi kwa kucha.

*Madhara.* Ikizama kupita kiasi, ngozi nyeusi hutoa alama mpya, na wakati mwingine kovu. Kwa ngozi hiyo, salisiliki ya asilimia 20 hadi 30 au glaikoliki ya nguvu ndogo ndizo salama zaidi. Mwambie mtaalamu kama unatumia retinoidi, maana hutakiwa kuiacha siku kadhaa kabla, na kama huwa unapata malengelenge ya mdomo.

*Ujauzito.* Salisiliki kali na asidi za kina zisubiri. Glaikoliki ya nguvu ndogo, daktari aamue.

*Ukiacha.* Ulichokipata kinabaki kwa alama za chunusi. Kwa mabaka ni kama krimu.

Inamfaa aliyekwisha kuzoea krimu kwa miezi mitatu na anataka kusukuma mbele kidogo. Nisingemshauri mtu aanzie hapa.

Leza, mwanga na kugandisha

Leza hupeleka mwanga unaonyonywa na rangi na kuipasua vipande ambavyo mwili huviondoa. Shida ni kwamba haijui kutofautisha rangi ya doa na rangi yako ya asili. Urefu wa wimbi ndio unaoamua: nanomita 532 hunyonywa sana na rangi ya juujuu na hufaa ngozi nyeupe, wakati 1064 huzama zaidi na kuiacha rangi ya juu, ndiyo maana ni salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Mashine za mwanga wa mapigo, zile nilizopigwa mimi, hutoa mawimbi mengi kwa pamoja na kwa ngozi nyeusi ni za hatari.

*Doa inaloliweza.* Hapa leza haina mpinzani kwa doa la jua: mara moja hadi tatu, doa linakuwa jeusi, linafanya gamba na kuanguka kwa wiki moja au zaidi kidogo. Kugandisha kwa naitrojeni majimaji, ya nyuzi 196 chini ya sifuri, hufanya kazi hiyohiyo kwa doa mojamoja na kwa gharama ndogo. Kwa melasma leza ni ya mwisho kabisa, na ni ya daktari aliyeizoea tu. Joto lake lenyewe laweza kuyaamsha mabaka.

*Muda.* Mfupi kuliko zote kwa doa la jua.

*Madhara.* Alama nyeusi mpya, au kinyume chake, baka jeupe lisilorudi rangi. Kugandisha kunajulikana kwa hilo, kwa kuwa seli za rangi hufa kwa baridi kabla ya nyingine. Mwenye ngozi nyeusi aombe kujaribiwa kwanza mahali padogo karibu na sikio, na asubiri wiki nne hadi sita.

*Ujauzito.* Kwa kawaida husubiri hadi baada ya kujifungua, na mabaka ya ujauzito mengine hufifia yenyewe miezi michache baadaye.

*Ukiacha.* Doa lililoondoka limeondoka, ila jua litatengeneza lingine.

Inamfaa mwenye ngozi nyeupe au ya wastani mwenye madoa ya jua machache yenye ukingo, na aliyekwisha kuonwa na daktari. Ndiyo ghali kuliko zote, na ukikosea aina ya doa unalipa mara mbili.

Kuhusu mkorogo

Sikuuweka kwenye ulinganisho kwa sababu hauna kipimo cha kulinganisha. Huwezi kujua kilichomo. Mara nyingi ni steroidi kali, ambayo husafisha uso kwa wiki chache kisha ngozi huwa nyembamba, mishipa ikaonekana, chunusi zikajaa, na ukiacha uso unawaka moto. Wakati mwingine ni zebaki, ambayo hupenya ngozi na kuharibu figo. Ukisoma "mercury", "mercurio" au "calomel" kwenye kopo, liache. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeviweka vipodozi vyenye zebaki kwenye orodha ya bidhaa za kuachwa.

Uanzie wapi, kulingana na hali yako

Una alama za chunusi na chunusi bado zinatoka: azelaiki au adapaleni, pamoja na kinga ya jua. Usifikirie asidi wala leza hadi chunusi zitulie, la sivyo utafuta na kuandika kwa wakati mmoja.

Una madoa machache yenye ukingo na ngozi yako ni nyeupe: muone daktari, uliza leza au kugandisha. Ukiwa mweusi, madoa ni yaleyale lakini anza na retinoidi kwa miezi mitatu, kisha leza ya 1064 baada ya kujaribiwa.

Una mabaka yanayofanana mashavu yote mawili: kinga ya jua yenye rangi na azelaiki kwa wiki 12. Piga picha kila baada ya wiki nne, dirisha lilelile, saa ileile, maana kioo cha kila siku hakionyeshi mabadiliko. Yakikaidi, daktari akupe mchanganyiko wa haidrokwinoni kwa muda maalumu, au vidonge. Kama ulianza vidonge vya uzazi wa mpango na mabaka yakafuata, zungumzia njia nyingine.

Una mimba au unanyonyesha: kinga ya jua, azelaiki, vitamini C. Mengine yatakusubiri.

Umetumia mkorogo kwa muda mrefu na unataka kutoka: usiuache ghafla peke yako. Nenda kwa daktari wa ngozi na kopo lenyewe mkononi, na kama unahisi lina zebaki omba kipimo cha mkojo na figo. Hataweza kukusaidia vizuri ukimficha.

Na kama una doa moja lisilofanana na mengine, lina rangi mbili tatu ndani yake, ukingo umechongoka, linakua, linawasha au linatoa damu, usilipake chochote wala usikubali mtu alipige leza. Kuna saratani ya ngozi inayoanza kama doa la jua la kawaida, na leza huifuta rangi yake ya juu ikaendelea kukua bila kuonekana. Doa hilo linahitaji kukatwa kipande na kupimwa kwanza.